Ukingo Unaomfuata Meneja

Mjane alileta sare ya mumewe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akaiweka mezani kwa meneja. Meneja akauliza kofia iko wapi. Mjane akajibu kwamba kofia ilikwenda na mwenyewe.

Mumewe alikuwa akiwatembeza wageni juu ya majabali ya bahari. Meneja aling'oa uzio wa ukingoni kwa kuwa uliharibu picha, na mtembezaji akaporomoka akimwokoa mama mmoja aliyekuwa akirudi kinyumenyume na simu yake. Mama yule alipona. Meneja akawaambia polisi kwamba mtembezaji alikuwa amelewa, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi alibembelezwa kuinywa.

Mjane alitaka neno hilo tu lifutwe. Meneja akasema suala limefungwa, akarudi kwenye simu yake.

Mjane akaenda mpaka ukingoni, akainama.

"Baba watoto, wanasema ulilewa."

Kutoka chini mumewe akamjibu kwamba amesikia, arudi nyumbani taratibu asije akateleza.

Kesho yake sakafu ya ofisi iliishia kwenye mguu wa kiti cha meneja. Chini, bahari ilikuwa ikipiga mawe. Katibu muhtasi alizungukia upande wa dirisha, akaweka chai, akamshauri asiegemee sana nyuma. Jioni ukingo ukamfuata hadi kitandani. Mkewe akahamia upande wa ukutani, akalalamikia upepo.

Usingizi ulipomkimbia kabisa, meneja alimwendea mjane, akamsihi aongee na mumewe. Mjane alikuwa akimenya viazi na hakuacha.

"Ongea naye mwenyewe, shemeji. Si huyo hapo miguuni pako?"

Meneja akanong'ona kuelekea chini kwamba huenda alikosea.

"Sikusikii," mtembezaji akamjibu, kwa upole uleule aliozoea kuwasemeshea wageni. "Sogea kidogo."

Meneja hakusogea. Alimwita fundi wa kuchomelea, akazungushiwa uzio kitandani, mezani na chooni, ukapakwa rangi nzuri.

Kule polisi, mtembezaji bado ni mlevi, na kule kwenye majabali wageni wanaendelea kurudi kinyumenyume wakitafuta picha. Mjane anasema siku hizi analala vizuri. Kwa meneja chumvi imeanza kuula uzio, na wakiwa wamelala husikika mtu akivitikisa vyuma kutoka chini, kimoja kimoja, bila haraka. Mkewe amekwisha kuzoea. Hujifunika shuka, akamwambia mumewe akalale sebuleni.