Mjane Aliyeharibu Wastani

Mbonea anasinzia mchana kweupe, kwenye darasa la takwimu la uzamili, mbele ya mhadhiri wake Dokta Kalunde, tena anasinzia kwa ufundi: kalamu mkononi, kichwa kikiitikia kila kitu kama cha mtu aliyeelewa. Ubaoni kuna mchoro wenye umbo la kengele. Mstari wake unamvuta, anaupanda, kumbe ni kilima, na kilima ni mji, nyumba zimebanana juu, kila dirisha ni kioo, na kila kioo kinamwonyesha yeye ndani ya joho la mahafali akipunga mkono kama mbunge. Anapokewa na mtu asiye na uso. Wewe nani, anauliza. Mimi ni Wastani, nimetengenezwa na watu wote, ndiyo maana sifanani na yeyote; karibu, hapa kwetu kila mjane amepata nafuu. Mbonea anachekelea, maana huo ndio utafiti wake: wajane walikaa kwenye vikundi vya ushauri nasaha, huzuni ikapungua, namba zikakubali. Wanatembea, barabara inajikunja, inarudi ilikotoka, inateremka, nyumba zinapungua mpaka zinabaki nyasi tupu, na kwenye nyasi ameketi Bibi Nakiete. Huyo ndiye mjane pekee wa utafiti wake ambaye huzuni yake ilipanda badala ya kushuka. Huyo ndiye aliyempikia makande, akamjibu maswali yote bila kuchoka, naye Mbonea akarudi chuoni akamfuta kwenye kompyuta, akasingizia hitilafu ya kipimo, kisha akaenda kunywa soda. Anatamani ardhi immeze, ila ardhi ya huku ni karatasi ya grafu, haimezi mtu. Anamuuliza Wastani, mbona huyu hana nyumba? Muulize aliyejenga mji, anajibiwa. Bibi Nakiete anainua macho, hana hasira hata chembe, na afadhali angekuwa nayo. Mwanangu, anasema, nisamehe, kwani nilijibu vibaya?

Mbonea anashtuka. Dokta Kalunde amesimama mbele yake, anamuuliza kwa upole unaotisha, haya, bwana usingizi, tuambie, wajane wako wote walipata nafuu? Hapana, Dokta, anasema Mbonea, mmoja hakupata, nikamtoa, nilitaka namba zipendeze. Uso unamchoma. Lakini hakuna anayegeuka, hakuna anayeguna, Dokta bado anamtazama akisubiri jibu, na Mbonea hajui tena kama maneno hayo ameyasema huku darasani au kule ndotoni. Basi anasimama, na anaanza kuyasema upya.