Chipu Zilizoanikwa

Fundi wa kompyuta za kale alirudi nyumbani hoi, begi begani, miguu imevimba. Alikuwa amezunguka wiki mbili kwa wauza vyuma chakavu, akitafuta chipu moja tu ya kumbukumbu iliyo tupu. Viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, na walizomuuzia zilikuwa feki: ukisugua mgongo kwa spiriti, namba inatoka na rangi yake, na chini yake ipo namba nyingine. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Yeye alikuwa amechoka, na hajapata.

Chipu aliitaka kwa ajili ya mama yake. Marehemu baba, naye fundi, aliitengeneza kompyuta ya sebuleni imsalimie mkewe kila akiiwasha. Miaka yote mama aliiwasha kabla ya chai, akasoma, akaizima. Mwaka huu salamu ilianza kudondosha herufi, chipu imezeeka. Mwana akaichomoa, akaiweka mezani kwake, akaahidi kuihamishia salamu kwenye chipu nyingine. Rafuni alikuwa nazo tele, ila zote zilijaa kazi za zamani, na taa yake ya kufutia chipu kwa mwanga mkali ilikuwa imeungua. Kuinakili tu salamu ya baba kwenye kompyuta yake mwenyewe kungekuwa kazi ya dakika chache. Kila jioni alisema kesho, akaenda kulala.

Uani alimkuta mama ameanika vitu kwenye sinia, juu ya ukuta.

"Umerudi, mwanangu? Pole na safari. Nimekusafishia vidude vyako vya rafuni na vya mezani. Vilikuwa na karatasi chafu mgongoni, nikazibandua, nikaviosha. Tangu ulipoondoka navianika hapo, vikauke vizuri."

Fundi alivitazama vile vidirisha vya kioo migongoni mwa chipu. Karatasi zile ndizo zilizovikinga na mwanga, na jua la siku nyingi hufanya kazi ile ile ya taa. Hilo alilijua tangu utotoni, na bado alikwenda kuchosha miguu bure. Aliziingiza ndani, akazipima moja moja kwenye mashine ya kuzisomea. Tupu. Tupu. Ile ya baba, yenye kona iliyomeguka, nayo tupu. Sasa alikuwa na sinia zima la chipu na hana cha kuandika. Alitaka kukasirika, nguvu hana. Alitamani kulia.

"Nimeharibu?" mama aliuliza mlangoni.

Alifikiria kumdanganya, hilo nalo likamshinda. "Salamu ya baba imefutika, mama. Kosa si lako. Nilipaswa kuinakili kabla sijaondoka."

Mama alivuta kigoda, akakaa.

"Imefutika humo," alisema. "Mimi nimeisoma miaka mingapi? Haya, andika."

Fundi akaweka vidole kwenye kibodi. Mama akaitoa bila kusita: "Umeamkaje, mwenzangu? Sukari usizidishe, daktari kakataza."

"Basi?"

"Hapo unabonyeza, inakuja ya pili. Wewe hujawahi kuiona. Ulikuwa bado umelala."

"Inasemaje?"

"Kijana usimwamshe mapema. Jana kachoka sana."

Fundi aliandika herufi moja moja. Alipofika kwenye neno "kachoka" mikono ikasimama, na mama, kama alivyozoea asubuhi zote zile, hakumharakisha.