Ruhusa ya Kwenda Kumuoza Mastura

Enyi wenye watoto, na hasa nyinyi ambao mtoto wenu jina lake limekwisha kuingia kwenye faili la serikali, kaeni kidogo msikie yaliyomfika Bi Shekha wa mtaa wa Barani, hapa hapa Malindi.

Bi Shekha alikuwa mjane wa watoto wawili. Mkubwa ni Awadh, fundi wa gereji. Wa pili ni Mastura, aliyelelewa Mombasa kwa khalati yake, ndugu wa mamake. Mwaka wa themanini na sita Awadh alikutwa na betri ya gari ya wizi, aliyowekewa na rafiki. Hakimu akaona ni kosa la kwanza, hakumfunga. Alimtia probesheni miaka miwili: alale kwao, kila Jumatatu akaonekane kwa ofisa, na asivuke mpaka wa wilaya bila karatasi ya ruhusa. Akivunja sharti moja tu, jela.

Haijapita miezi minne, Mastura akachumbiwa na Amin, mtoto wa watu wa Mombasa wenye dini na heshima zao. Nikaha ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwa khalati. Na Mastura hana baba, hana babu, hana ami. Walii wake, wa kumuoza, ni ndugu yake huyo mmoja.

Wakwe hawakuambiwa habari ya korti. Kila walipouliza, "Mbona Awadh hatumuoni?" Bi Shekha hujibu, "Kazi, wanangu. Gereji haimpi nafasi ya kupumua."

Jumatatu ya wiki ya harusi akafuatana na mwanawe hadi ofisini. Ofisa aliitwa Gerishom, mtu wa bara, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Hilo mlijue mapema.

"Anaenda Mombasa kufanya nini, mama?"

Neno harusi lilikuwa mdomoni. Lakini Bi Shekha alikuwa akiitazama ile fomu: jina la mwenyeji, mtaa, nyumba.

"Na hii nyumba mwaiandika ya nini?"

"Mwenzangu wa Mombasa atakwenda kuangalia kama kweli yuko mtu wa kumpokea. Ni kawaida tu."

Bi Shekha akaiona nyumba ya khalati, wanawake wamejaa wanachagua mchele, mama yake Amin yuko kati yao, na mtu wa serikali anabisha hodi na faili kwapani: hapa ndipo atakapolala yule Awadh wa kesi?

"Anaumwa macho," akasema. "Aenda kutazamwa macho. Atalala kwa shoga yangu Tumu, Majengo."

Awadh akageuka akamtazama mamake kwa macho mazima kabisa.

"Macho?" akauliza Gerishom.

"Yanamtoka machozi. Asubuhi hasa."

Gerishom akaandika. "Njooni Alhamisi."

Walipofika nje Awadh akasema, "Mama, ungesema harusi tu."

"Nyamaza! Wataka dada'ko aachwe na hina mkononi?"

Jioni ile akampa dereva wa basi salamu: mwambie Bi Tumu Awadh atalala kwake Ijumaa. Kwa nini, hakusema. Na kwamba mtu wa serikali atapita kuuliza, hilo pia hakulisema. Dereva ataambiwaje siri za nyumba ya watu?

Alhamisi, Gerishom hakuwaonyesha viti.

"Mama, huyo Tumu wako hamjui Awadh."

"Hamjui vipi? Amemuogesha akiwa mchanga!"

"Amesema hajapata kulisikia jina hilo. Amesema hata Malindi yenyewe hajafika."

Tumu, mzaliwa wa Mambrui, hapo jirani na Malindi! Bi Shekha alielewa pale pale. Tumu kaona mgeni, viatu vya kamba, faili mkononi, anamuulizia mtoto wa shoga yake. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa pwani angelifanya, ambalo Bi Shekha mwenyewe angelifanya: akamficha. Kwetu mtu usiyemjua akikuulizia mtoto wa mwenzio, humjui mpaka ujue anamtakia nini.

"Bwana, amemkana kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi," Gerishom akarudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ndipo Bi Shekha akamwaga yote: nikaha, walii, wakwe, haya iliyomshika. Gerishom alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumatatu macho, leo harusi. Kesho itakuwa mazishi?"

"Wallahi, bwana..."

"Ungeniambia harusi siku ile ningeandika palepale. Harusi si kosa. Sasa mkubwa wangu akiniuliza, nimwambie nini? Una kadi ya mwaliko nimwonyeshe?"

Mama wa biharusi hujipelekea kadi?

"Basi siwezi," akasema Gerishom. "Nendeni."

Nyumbani, Awadh akaketi juu ya kizingiti. "Nimwakilishe shekhe kwa barua, Mama. Yafaa. Atamuoza yeye kwa niaba yangu."

"Na watu wakiuliza? Ndugu yu hai, mzima, Malindi hapo, mwendo wa saa tatu, atumaje barua kama aliye Uarabuni?"

Awadh akainuka, akaitoa kanzu yake sandukuni, akatia makaa kwenye pasi. Bi Shekha alimwona akiinyoosha mkono kwa mkono, ukosi, mpaka pindo la chini. Hakumwambia nenda. Hakumwambia usende. Aliingia jikoni akaupepeta mchele aliokwisha kuupepeta.

Ijumaa asubuhi Awadh akapanda basi la saa kumi na mbili. Mama alikuwa amfuate kwa la saa tatu, wasionekane pamoja. Saa moja na kitu akasikia hodi. Gerishom, na baiskeli yake. Mfukoni mwa shati ilichungulia karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimelala nikifikiri, mama. Niitie Awadh. Nataka kumsikia yeye mwenyewe, wewe usitie neno."

Hapo, kina mama, hapo ndipo angesema. Ulimi ukamtangulia.

"Amelala."

"Mwamshe."

"Ana homa, bwana."

"Mama. Mwamshe."

Bi Shekha akaenda mpaka kwenye pazia la chumba, akashika nguo kwa mkono. "Awadh," akakiita chumba kitupu. "Awadh, babangu, amka."

Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Alipogeuka, Gerishom alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Hakupiga kelele. Aliisukuma ile karatasi chini mfukoni, akasema, "Sasa mimi sina la kufanya," akapanda baiskeli kurudi ofisini kwenye simu. Mpaka leo Bi Shekha hajui kama karatasi ile ilikuwa ni ruhusa.

Polisi walimkuta Awadh Kilifi, basi liko kwenye foleni ya feri, kanzu nyeupe mwilini, kofia ameifunga kwenye gazeti isichafuke. Wakamrudisha kituo cha Malindi, na mama akaliacha basi lake, akakesha nje ya kituo.

Mombasa watu wakaketi mpaka magharibi, biharusi amepambwa, walii hakuonekana, mamake hakuonekana. Usiku wakapata habari. Jumamosi asubuhi Mzee Omar, babake Amin, akashuka Malindi na shekhe. Akamkuta Bi Shekha nje ya kituo cha polisi, naye akajifunika uso wote kwa buibui.

"Shekha," akasema yule mzee, pole pole, "si ungetwambia? Tungekuja sisi. Nikaha ni dakika ngapi?"

Bi Shekha akazidi kuuvuta buibui.

Askari wa zamu aliwapa nafasi ndogo. Awadh akapitisha mkono baina ya vyuma, shekhe akaushika. Kanzu ilikuwa imeingia weusi wa sakafu mgongoni. Akasema, mbele ya mahabusu kumi na zaidi, "Nimekuwakilisha umuoze dada yangu Mastura kwa Amin bin Omar." Shekhe akasema amekubali. Mahabusu mmoja akapiga kigelegele kwa mzaha, wenzake wakamkemea. Mama alikuwa langoni. Miguu ilikataa kuingia. Aliambiwa baadaye.

Mastura akaolewa jioni ile. Jumatatu Awadh akasimama kortini. Hakimu akauliza kama mzazi ana neno, na Bi Shekha akanena kweli yote: macho, Tumu, homa, chumba kitupu. Hakimu aliandika, akamshukuru. Kisha akampa Awadh miezi kumi na minane.

Hata sasa, Jumatatu, Bi Shekha huenda kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya Gerishom, ingawa hana wa kumsindikiza. Akimwona mama na kijana wake, hujisogeza.

"Mwaomba ruhusa ya kwenda wapi?"

Hujibiwa: Mariakani, Lamu, kwa mgonjwa, kwa shangazi.

"Kweli ndiko? Na huyo mwenyeji, umemwambia kwamba ataulizwa?"

Wengine humjibu. Wengine huvuta kanga zao, wakahamia mwisho wa benchi.