Dirisha la Wapanzi

Baba hakuacha hata picha moja. Kwa hiyo kanisa lilipomwagiza binti yake, fundi wa vioo, dirisha la kuwaenzi vibarua wa mashamba, alikubali padri hajamaliza hata kusema. Kati ya wapanzi waliokuwa kwenye dirisha, mmoja akampa uso wa baba. Alimchora kwa kumbukumbu, akakichoma kioo kwenye tanuri ili rangi ishike, akaharibu, akarudia. Hakumwambia mtu.

Siku moja kabla ya dirisha kupandishwa, alimleta mama karakanani. Aliwasha taa chini ya meza ya kioo alipolilaza dirisha, rangi zikawaka. Akarudi nyuma kumpisha.

Mama aliinama, akatazama kila uso taratibu.

"Huyu mwenye ndevu ni nani? Mbona kama mkwe wa padri?"

"Mama, padri hana mkwe."

"Angekuwa naye, angekuwa huyu. Ameshiba mno."

Binti alijaribu kucheka, akashindwa. Huyo ndiye aliyekusudiwa kuwa baba. Miaka ilikuwa imemwibia ule uso kidogo kidogo, ikamwachia wa mtu baki.

"Nilitaka awe baba," alisema hatimaye. "Nimemsahau, mama."

Kidole cha mama kilikuwa kimeshatua kwenye kona ya chini, juu ya kibarua wa mwisho, aliyechorwa akiwa amegeuza mgongo, ili kujaza nafasi tu: shati la buluu, jembe, bega la kushoto limelala.

"Umemsahau vipi, na huyu hapa?"

"Huyo hana uso."

"Uso wake niliuona saa ngapi, mwanangu? Tulitoka na giza, tukarudi na giza. Shambani yeye mbele anachimba mashimo, mimi nyuma natia mbegu na kufukia. Kutwa nzima ni huo mgongo. Na hilo bega lilishuka hivyo hivyo, kwa kubeba pampu ya dawa."

Machozi ya mama yalidondokea kioo, akayafuta haraka kwa kiganja, kama mtu aliyechafua kazi ya watu.

"Ila umemwacha peke yake," alisema. "Hayo mashimo nani atayafukia?"

Binti alitazama. Nyuma ya baba palikuwa na kipande cha kioo chenye rangi ya udongo mtupu. Padri angenung'unika dirisha likichelewa, na anung'unike. Alichukua koleo, akaanza kulegeza ukanda wa madini ya risasi ulioshika kipande kile.

"Kaa hapo kwenye kigoda, mama," alisema. "Inama kidogo."