Jina Refu la Lela

Mwanasiti alikuwa na hasira za karibu, mtaa mzima wa Majengo ulijua, na hakuna aliyemlaumu. Mjane anayelea binti peke yake kwa kudarizi kofia hana nafasi ya kumchekea kila mtu. Lakini mwaka ule wa 1956, Sista Bernadeta alipopiga hodi, Mwanasiti alimtandikia mkeka mpya na kumpikia chai ya tangawizi. Sista ndiye aliyekuwa mkuu wa shule ya masista, naye alileta habari kwamba Lela amekuwa wa kwanza shule nzima.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu waliyemwita somo wa shule ilipofika, jina la msichana wa kwanza lilidariziwa kwenye bendera, na yeye mwenyewe akaibeba mbele ya maandamano. Sista aliyekuwa akidarizi alikuwa amerudi kwao Ulaya. Sista Bernadeta akakunjua hariri ya buluu na kuonyesha herufi alizoandika kwa penseli.

"Hili hapa jina la binti yako," akasema.

Mwanasiti hakuwa mjinga. Alihitimu msahafu ana miaka tisa, na barua za nusu ya mtaa aliziandika yeye, kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu ndizo asizozijua, basi alizifuata kwa uzi wa dhahabu vile anavyofuata maua ya kofia. Alidarizi siku sita huku akiimba, na kila Lela aliporudi aliificha bendera sandukuni, apate kumshtukiza. Aliona tu kwamba kajina ka Lela kwa Kizungu kamekuwa karefu mno, akajisemea kwamba Wazungu nao hawana jambo fupi.

Siku ya saba alimfunulia. Lela akatazama, akainamisha kichwa.

"Mama, hapa pameandikwa Magdalena."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni mimi. Shuleni wananiita hivyo tangu darasa la kwanza."

Miaka minne! Miaka minne mtoto anaitikia jina la watu asubuhi na kurudia lake jioni, akanyamaza kwa kuogopa kutolewa shule. Mwanasiti alimsamehe mtoto papo hapo. Alichoshindwa kusamehe ni kwamba umetumiwa mkono wake mwenyewe. Kumfutia mama jina la mwanawe ni ubaya, lakini kumfanya alifute yeye, kwa sindano yake, tena akiimba, huo ni ufedhuli usio na mfano.

Akavaa buibui, akaikunja bendera kwapani, akaenda shuleni juani. Sista alimpokea kwa upole, na upole ule ukazidi kumchoma. Alimweleza kwamba mtoto hakubatizwa. Ni jina la darasani tu, desturi ya shule tangu ilipofunguliwa, ili kila msichana awe na somo wake mbinguni, mtakatifu wa jina lake.

"Lela ana somo wake," Mwanasiti akasema. "Ni bibi yake aliyezikwa Kariokor, na jina lake ndilo nililompa. Wewe ulikaa kwenye mkeka wangu ukaniambia hili ni jina la binti yangu."

Sista akajibu kwamba sikukuu ni kesho kutwa, na kama Lela hataki kubeba bendera, ataibeba aliyekuwa wa pili. Mwanasiti akasema amebakiza pindo, akaondoka na bendera yake. Sista akadhani mambo yamekwisha.

Nyumbani alimwuliza Lela kwanza, maana shule ilikuwa ya Lela na adhabu ingekuwa yake. Lela akafikiri kidogo, kisha akamshikia kitambaa. Mwanasiti akamfumua Magdalena uzi baada ya uzi, na juu ya matundu yaliyobaki akadarizi Lela binti Saad, kwa herufi anazozijua yeye.

Siku ya sikukuu wasichana walikuwa wamejipanga langoni, na Mwanasiti amesimama kando yao. Askari walikwisha kukagua kibali, kwa kuwa miaka ile ya Hali ya Hatari hata kusali barabarani kulitaka ruhusa. Lela akaikunjua bendera. Sista Bernadeta akasogea, akauliza maandishi yale ni ya nini.

"Ni jina," Mwanasiti akasema. "Mimi nilishona lako bila kulisoma. Leo na wewe ulifuate langu bila kulisoma."

Sista akaiva uso, akaamuru bendera ishushwe. Lakini ngoma ilikuwa imeshaanza, na Lela ameshatoka langoni.

"Magdalena," Sista akaita. Akaita tena. Mara ya tatu aliita kwa sauti hata askari wakatazama, na mstari mzima wa wasichana ukageuka kumtafuta anayeitwa. Lela hakugeuka. Aliinua bendera juu zaidi, akaendelea na njia.