Kompyuta ya Kocha Tolliver

Kocha Royce Tolliver hakubisha hodi. Aliupiga teke mlango wa chumba cha seva, na Marlene Pruitt, fundi wa kompyuta wa shule za Caddo Flats, akageuka na bisibisi mkononi.

"Video zangu ziko wapi?"

"Kocha, tulia kwanza."

"Nimekuuliza, ziko wapi?" Kompyuta yake alikuwa ameibana kwapani kama kuku anayepelekwa kuchinjwa.

Marlene alijua. Tangu shule zifunguliwe alikuwa akibadilisha mfumo kwenye kompyuta za walimu, maana ule wa zamani ulishachoka na wezi wa mitandaoni walikuwa wakiingia watakavyo. Mfumo mpya ulifuta kila kitu ambacho mtu hakukihamishia kwenye hifadhi ya shule. Barua pepe zilitumwa. Tolliver alifuatwa mpaka uwanjani, akaambiwa ana kwa ana, naye akacheka mbele ya wachezaji wake: "Dada, mimi nafundisha mpira, sifundishi vitufe." Muda ukaisha. Asubuhi hiyo Marlene alibonyeza, na kompyuta zote zilizobaki zikazima na kuwaka upya. Video za msimu mzima, pamoja na za wapinzani wa mechi ya mtoano ya Ijumaa, zikaenda na maji.

"Nilikwambia uzihamishe," Marlene alisema.

Hapo ndipo kocha alipolipuka. Aliipigiza kompyuta kwenye kona ya meza, akaipigiza tena, hadi vitufe vikatapakaa sakafuni kama meno. Kisha akamkaba Marlene koo na kumbamiza kwenye kabati la seva. Mfupa wa mtulinga wa Marlene ukavunjika. Aliusikia ukilia kabla ya kuhisi maumivu.

"Zirudishe! Zirudishe, we mwanamke!"

Pumzi zilikuwa zinamwishia. Hakufikiri. Aliikita bisibisi kwenye paja la kocha, akaisukuma mpaka kwenye mpini. Tolliver akanguruma kama fahali, akamwachia, halafu akamtandika ngumi iliyomwangusha chini. Alikuwa bado anampiga mateke ya mbavu wakati mwalimu mkuu, Bwana Hensley, na mlinzi walipomvuta nje, damu ikimchuruzika mguuni.

Kocha alipelekwa mahabusu. Ijumaa timu ikafungwa vibaya mno, na mji ukamtafuta mchawi. Jiwe lilipasua dirisha la Marlene. Dukani, mzee aliyemjua tangu utotoni alitema mate karibu na kiatu chake. "Umetuuza, binti," alisema.

Hensley akapiga simu. "Marlene, tuyamalize wenyewe. Na wewe umemchoma mtu."

Marlene alikuwa amechoka, na kwa kweli alikaribia kukubali. Ndipo Darla, mke wa kocha, alipokuja na bakuli la kuku na tambi.

"Umekuja kumwombea?" Marlene aliuliza akiwa mlangoni.

Darla alikunja mkono wa sweta. Mfupa ulikuwa umeunga upande, kama tawi lililokanyagwa.

"Aliubana na mlango wa gari," alisema. "Watu wakaambiwa nimeanguka kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Unataka nini kwangu, Darla?"

"Usiifute kesi. Ukiifuta, hatarudi kwako. Atarudi kwangu."

Marlene akampisha aingie.

Mahakamani Darla alisimama akayasema yote, mkono wake ukiwa wazi mbele ya mji mzima. Tolliver alimsikiliza akitabasamu. Darla alipotaja mlango wa gari, tabasamu likamfutika kocha. Akairuka meza, akamdaka nywele na kukigonga kichwa chake kwenye ukingo wa kizimba kabla askari hawajamwangukia. Walimlaza kifudifudi, goti mgongoni, naye akazidi kumtukana mkewe huku mdomo umebanwa sakafuni. Hensley aliinamisha macho. Kwenye viti vya nyuma, yule mzee wa dukani alivua kofia, asijue aishike vipi.

Hakimu alimfunga miaka mingi.

Marlene alidhani angefurahi. Badala yake alitoka nje kutafuta hewa. Darla alikuwa ameinama pembeni ya gari lake, paji la uso limevimba, anatapika. Marlene akazishika nywele zake nyuma kwa mkono wake mzima.

"Tapika, mwenzangu," alisema. "Yatoe yote."