Kijiko Mfukoni mwa Muuaji

Kila Alhamisi alasiri wazee wa Cleethorpes, mji wa pwani ya Uingereza, hukusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wakafunga mapazia mazito, wakatazama filamu za ujana wao: za wauaji, za mazimwi, na za wanajeshi waliorudi vitani wakakuta nyumba ni vifusi na wake wamezoea kuishi bila wao. Bi Ivy Tunnard hakosi. Ana miaka themanini na mitano na goti lake la kushoto lina kiburi cha punda, lakini Alhamisi hujikongoja mpaka kiti chake cha mbele.

Bi Ivy alikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyelimeza. Alisema zile hatua za muuaji katika filamu ya Ukungu wa Mtaa wa Pellow, ta, ta, kling, ta, ta, kling, zilizowafanya watu wa mwaka 1958 waogope hata kwenda chooni, zilikuwa zake. Yule mwigizaji mrefu mwenye koti alitembea akiwa amevaa viatu vya raba visivyo na kishindo. Sauti ya viatu ilitiwa baadaye, chumbani, na msichana wa miaka kumi na minane aliyevaa viatu vya kiume juu ya bamba la jiwe.

Watu walimsikiliza kwa upole, kama wanavyomsikiliza mtu mzima aliyeanza kuchanganya mambo. Upole huo ndio uliomuuma. Hata bintiye Lorraine, ambaye humleta kwa gari, alishamwambia, "Mama, hayo tuyaache."

Alhamisi hii hayakuachika. Alikuja mgeni, Bwana Crispin Oakes wa hifadhi ya filamu, ambayo watu wake walikuwa wameisafisha filamu ile ikawa mpya. Mwishoni mwake wangeongeza majina ya watu waliosahaulika zamani. Kwenye hatua za muuaji waliandika Lionel Tapscott, fundi mkuu wa sauti, marehemu. Orodha ilikuwa inafungwa kesho yake, Ijumaa.

Kabla taa hazijazimwa, Bi Ivy aligeuka kwenye kiti.

"Kitendawili."

"Tega," wakaitikia. Walimjua.

"Nimetembea mtaa mzima, na mguu wangu haujatoka chumbani."

"Ndoto," akasema mmoja nyuma.

"Simu," akasema Reg Blanchard, dereva mstaafu wa basi, mtani wake wa miaka yote.

"Mmekosa. Nipeni mji."

"Chukua Grimsby," akasema Reg.

"Grimsby ninayo tangu kuzaliwa, na bado inanuka samaki. Utanipa mji wa maana baadaye."

Filamu ikaonyeshwa. Ilipokwisha, Bwana Oakes akasimama kueleza, na akafika kwenye ule mlio wa kling.

"Wataalamu wamebishana sana," akasema. "Wengi wanaona ni nishani ya vita. Muuaji ameificha mfukoni, na kila akipiga hatua inamkumbusha aliyoyafanya."

Bi Ivy akacheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Nishani wapi, mwanangu. Kijiko cha chai."

"Mama," Lorraine akanong'ona, akamshika mkono.

"Niachie mkono nimweleze. Pale studio vijiko viliibwa kuliko kamera. Kila mtu alitembea na chake, maana toroli la chai likipita huna kijiko, utakoroga sukari kwa kalamu. Changu kilikaa mfuko wa ovaroli pamoja na funguo. Vikigongana, kling."

"Kwa hiyo zile maiti nne zote ni zako?" akauliza Reg. "Na mimi nimekaa karibu yako miaka sita nakula biskuti zako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Oakes hakucheka. Alisogea akachutama mbele ya kiti cha Bi Ivy.

"Bibi, natamani kukuamini. Lakini siwezi kumfuta mtu kwa maneno matupu. Una karatasi yoyote? Picha?"

"Sina. Ila wewe unayo sauti ile ya chumbani? Ile yenye hatua peke yake, bila muziki?"

"Ninayo, kwenye kompyuta hii."

"Ukiisikiliza, unaizimia wapi?"

Akafikiri. "Hatua zinapokoma. Baada ya pale ni kimya kirefu."

"Leo usizime. Ile ya uchochoroni. Zikikoma, hesabu mpaka ishirini. Utamsikia Bwana Tapscott mwenyewe akinigombeza kwa ajili ya kijiko."

Lorraine akafumba macho. Alijua kwamba mama yake akikosea hapa, hatarudi tena ukumbini, wala pengine hatasema lolote tena.

Bwana Oakes akaunganisha spika. Ta, ta, kling. Ta, ta, kling. Hatua zikakoma. Kikaja kimya chenye mikwaruzo, na Reg akawa anahesabu kwa vidole. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Kikohozi cha mwanamume. Kisha sauti nzito: "Ivy, umeacha tena kijiko mfukoni."

Na sauti ya msichana, nyembamba, ya haraka: "Samahani, Bwana Tapscott. Nikitoe turudie?"

"Hapana. Kiache. Kinatisha."

Kikafuata kicheko cha msichana yule, halafu mashine ikazimwa.

Reg akashusha vidole vyake. "Hayo matamshi ni ya Grimsby, upande wa gatini. Hayana mjadala."

Bwana Oakes akatoa orodha mfukoni, akakata jina kwa mstari mmoja ulionyooka. "Niandike vipi, bibi?"

"Ivy Sowerby. Nilikuwa sijaolewa." Akaigusa orodha kwa kidole. "Na Bwana Tapscott mtafutie pengine pa kumweka. Asingenambia kiache, kisingekuwepo."

Lorraine alikuwa analia bila kujificha. "Mama, kile kicheko. Ni kilekile."

"Ningekibadilisha cha nini, na kinafaa?"

Ukumbi mzima ukasimama, wenye fimbo na wasio nazo, wakapiga makofi mpaka vikombe mezani vikatetemeka. Reg akavua kofia.

"Haya, Ivy. Nimeshindwa. Jibu ni hatua za filamu. Chukua London, na Mtaa wa Pellow ndani yake."

"Nimepokea," akasema Bi Ivy.

Akainuka. Chai ilikuwa mezani upande wa pili wa ukumbi, na watu wakampisha njia. Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kijiko kilichopauka, akakitumbukiza mfukoni mwa sweta penye funguo za nyumba. Kisha akatembea taratibu, kichwa juu, na goti lake siku hiyo likatii.

Ta, ta, kling.